Dawa ya Uani na Fedha ya Uzeeni

Wazee wangu, na ninyi vijana mnaowasomea babu na bibi gazeti hili jioni kwa kuwa macho yao yamechoka, juma hili natamani tuzungumze juu ya mambo mawili ambayo watu huyatenga, nami naona hayatengani: dawa tunazochuma wenyewe uani, na fedha ya kumtunza mtu akisha kuwa mzee.

Pengine mmoja wenu atauliza: kijana asiyetimiza miaka arobaini ana neno gani la kuwaambia wazee juu ya uzee? Ni swali la haki. Lakini karani wa parokia huona mengi kwa ajili ya meza yake tu. Mwalimu akikaribia kustaafu huja kutafuta cheti cha ubatizo. Mzee akizidiwa, mkewe huja kumwomba Padre aende kumpa Mpako wa Wagonjwa. Akisha kufa, wanawe huja kutafuta habari za ndoa ya wazazi wao. Nami nikiwauliza mambo yalivyokuwa, mara nyingi masimulizi yao hufikia mahali pamoja: palikuwa na chupa ya dawa, na palikuwa na fedha, na vyote viwili vimekwisha.

Tuanze na uani. Mimi si mmoja wa wale wanaodhani kila jani ni ujinga wa zamani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, awataka watu wamheshimu mganga, na papo hapo awakumbusha kwamba dawa zatoka ardhini. Historia nayo yashuhudia. Kwinini iliyowaokoa babu zetu na malaria ilitoka katika ganda la mti wa Amerika ya Kusini, na Wajesuiti walikuwa miongoni mwa walioeneza ganda hilo Ulaya katika karne ya 17, hata likaitwa unga wa Wajesuiti. Dawa mseto tunayopewa leo zahanati asili yake ni mmea wa China ulio ndugu wa pakanga letu. Mama mmoja wa huko, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi ya kuitafuta dawa iliyomo ndani ya mmea huo. Basi mti na hospitali si maadui.

Lakini angalieni tofauti. Kidonge kina kipimo. Mtu mzima mwenye malaria ya kawaida hupewa vidonge 24 vya dawa mseto, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu. Sufuria ya majani haina kipimo. Majani ya leo yamechumwa wakati wa mvua, ya mwezi ujao wakati wa kiangazi. Huyu atia konzi moja, yule atia mbili. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halikubali malaria itibiwe kwa chai ya pakanga: dawa iliyomo ni haba, haiui vijidudu vyote, na vilivyobaki hujizoeza nayo mpaka dawa yenyewe ya zahanati ikashindwa kazi. Mzee akisikia homa, aende apimwe. Ni tone moja la damu ya kidole, na jibu hutoka kabla hajachoka kukaa kwenye benchi.

Sasa, yapi ya uani yafaa? Yapo, tena mazuri. Kikohozi cha mafua na koo linalowasha hutulizwa vema na asali katika maji ya vuguvugu, na ukiwa na limau ongeza. (Mjukuu asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, kuna sumu ya vijidudu ambayo tumbo la mtoto mchanga halijaweza kuishinda.) Tangawizi iliyopondwa na kuchemshwa huondoa kichefuchefu, na wako wazee ambao magoti yao hupata nafuu kwayo. Majani machanga ya mpera husaidia tumbo la kuhara. Hapa lakini kumbukeni kwamba kinachomwua mtu anayehara ni kukaukiwa maji, na mzee hukaukiwa upesi kama mtoto. Chukueni lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tieni vijiko vya chai sita vya sukari, visawazishwe visijae kilima, na nusu kijiko cha chumvi, akanywe kidogo kidogo mchana kutwa. Dawa hiyo twayo jikoni, wala haimgharimu mtu chochote cha kusumbua.

Mwenye damu ya kupanda anaweza kunywa rozela, ile choya nyekundu, bila sukari. Imejaribiwa na wataalamu, nayo hushusha damu kwa kiasi kidogo. Kwa kiasi kidogo, nimesema. Kupunguza chumvi kwafaa zaidi: Shirika la Afya Duniani lashauri mtu asipite gramu 5 kwa siku, ndiyo kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari katika dagaa na samaki wa kukaushwa. Na mlonge, kwa wale mnaokaa mahali pa joto, ni mboga bora sana. Hupandwa kwa tawi tu. Chuma majani, yaanike kivulini yasiunguzwe na jua, yatwange, uunyunyize unga wake katika uji wa mzee. Mlonge ni chakula kizuri. Anayewaambia kwamba waponya magonjwa mia tatu, ana unga wa kuuza.

Hapo nimegusa penye kidonda. Dawa ya uani ilikuwa akiba ya maskini kwa sababu moja kubwa: ilitoka uani. Bibi aliijua, aliichuma, aliichemsha, hakumlipa mtu. Ile inayouzwa mnadani ndani ya chupa ya maji iliyokwisha tumika, au inayotangazwa kwa kipaza sauti juu ya gari, au inayoletwa na pikipiki baada ya kupiga namba ya simu iliyotajwa redioni, siyo dawa ya nyumbani tena, hata ikiandikwa neno asilia mara tatu. Ni bidhaa ya dukani kama nyingine, ila haina anayejua kilichomo. Tangu mwaka 2002 nchi yetu ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na liko Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Mwulizeni mwuzaji namba ya usajili wake. Mara nyingi mtaona jinsi anavyokumbuka ghafla kwamba gari lamngoja.

Tufanye hesabu, maana nilifundishwa ualimu, na mwalimu akiacha kazi hesabu haimwachi. Tuseme kopo la unga wa kutibu sukari lauzwa shilingi 25,000, nalo latosha siku kumi. Kwa mwezi ni makopo matatu, shilingi 75,000. Kwa mwaka ni 900,000. Mzee aliyezoea kusema hospitali ni ghali hajaona kwamba ametoa fedha ya mbuzi kadhaa, au ya mabati ya nyumba ndogo, kwa unga ambao hakuna aliyempima damu kuona kama unafanya kazi.

Mnakumbuka mwaka 2011, habari za Samunge huko Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye alifariki mwaka 2021, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 tu. Sitaki kumsema vibaya marehemu. Bei yake ilikuwa ndogo. Lakini kikombe kilikuwa 500, na safari je? Magari yalipanga foleni kilometa nyingi, watu wakalala njiani siku kadhaa, wagonjwa wengine wakafa kabla ya kufika. Nauli ilizidi bei ya kikombe mara nyingi mno. Tena wako walioacha vidonge vyao vya kisukari na vya virusi vya ukimwi wakiamini wamekwisha pona. Hiyo ndiyo hasara ambayo haikuandikwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Kwa ugonjwa wa sukari nitakaa kidogo, kwa kuwa unawapata wazee wengi na haupigi kelele. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu ya miguuni hufa ganzi. Mzee hasikii msumari, hasikii kokoto ndani ya kiatu. Na hapa dawa ya nyumbani yenye nia njema kabisa huleta msiba: mkwe mwema amchemshia baba maji yenye majani ya mkaratusi ili amkande miguu, baba asema maji ni mazuri, kumbe ngozi yaungua naye hana habari. Kidonda hicho hufunikwa na majani yaliyopondwa, juma la kwanza, juma la pili. Kikifika hospitali, daktari hazungumzi tena juu ya kidole bali juu ya mguu. Kwa hiyo nawasihi, mwenye kisukari asikandwe kwa maji moto, na kama ni kumwosha, maji yajaribiwe kwanza kwa kiwiko cha mtu mwenye afya. Kila jioni mjukuu mmoja atazame nyayo za babu, na katikati ya vidole. Kazi hiyo haina gharama, nayo yaokoa mguu kuliko mti wowote niujuao.

Kadhalika kikohozi kilichopita majuma mawili kisiendelee kupewa asali. Kifua kikuu huwapata wazee pia, wala si aibu; kupimwa na kutibiwa katika zahanati na hospitali za Serikali ni bure. Na wale wanaomeza kila siku vidonge vya maumivu ya magoti kutoka dukani, kama diklofenaki, wajue kwamba hupandisha damu, huchubua tumbo, na kwa mzee huumiza figo. Mkienda kwa daktari, mwambieni yote mnayokunywa, ya dukani na ya mtini, msifiche. Yako majani yanayoshusha sukari kweli, na yakikutana tumboni na kidonge cha kisukari, mzee huanguka shambani na watu wakasema amelogwa.

Sasa tuje kwenye fedha, maana haya yote nimeyataja kwa ajili yake.

Magonjwa ya ujana huja na kwenda. Ya uzee, kama damu ya kupanda na kisukari, huja kukaa. Dawa yake humezwa leo na kesho na keshokutwa, mpaka mwisho. Ugonjwa wa namna hiyo hauhitaji fedha nyingi siku moja. Wahitaji fedha kidogo kila mwezi. Ndiyo maana nawaona watumishi wanaokaribia kustaafu wanabishana sana juu ya jambo moja na kulisahau la pili. Wanabishana juu ya mkupuo. Kanuni za mwaka 2022 ziliuweka uwe 33 kwa mia, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuupandisha kuwa 40 kwa watumishi waliokuwa zamani katika mpango wa 50. Ni haki yao kubishana. Mtu amefanya kazi tangu ujana mpaka miaka 60, au amejiondokea kwa hiari akiwa na 55. Lakini kinachonunua kidonge mwezi wa Novemba, mvua zikiwa zimeanza na ghala tupu, siyo mkupuo. Mkupuo wakati huo umekwisha kuwa pikipiki ya kijana wa pili, nayo iko gereji. Ni ile pensheni ya kila mwezi. Mimi kama ningeombwa ushauri na mwalimu mstaafu ningemwambia, kabla hujagawa chochote kwa wana, tenga dawa ya mwaka mzima na nauli ya kliniki kwa wewe na mkeo, uiweke mahali ambapo wewe mwenyewe utaona taabu kuitoa. Na kabla ya siku ya mwisho kazini, uliza kwa maandishi habari za bima ya matibabu: yakufuata mpaka uzeeni, na ya mwenzi wako je?

Wengi wetu lakini si watumishi. Mkulima hana mwajiri wa kumchangia. Kule Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mzee wa miaka 70 na zaidi alianza kupewa na Serikali shilingi 20,000 kwa mwezi, ambazo baadaye ziliongezwa zikawa 50,000. Jirani zetu wa Kenya nao tangu 2018 wamepanua mpango wao wa kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Huku Bara mzee mkulima hajapata pensheni ya wote ya namna hiyo. Kuna Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliyokubali kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, na hospitali nyingi zimeweka dirisha la wazee. Ila mzee akienda bila kitambulisho wala barua ya mtendaji wa kijiji, hurudishwa. Na hata mwenye kitambulisho huambiwa siku nyingine dawa hakuna, kanunue nje. Mfuko wa NSSF hupokea pia michango ya watu waliojiajiri, wakulima wakiwamo; viwango vyaulizwa ofisini kwao, na pensheni yataka mtu awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15. Kwa hiyo habari hiyo ni ya kijana wa miaka 30 anayesoma sauti hapo jioni, kuliko ya babu anayemsikiliza.

Kwa babu na bibi wenyewe, shamba ndilo ofisi ya pensheni. Wazee wa milimani wana kahawa iliyopandwa na baba zao, wa pwani wana mikorosho. Miti imezeeka pamoja na wenyewe. Mwenye miaka 55 anayeng'oa mistari miwili ya kahawa kuukuu kila mwaka na kupanda michanga, yote asiing'oe kwa mara moja, atakuwa anavuna akifika 60. Kuku kumi wa kienyeji wanaochanjwa ugonjwa wa kideri hulipa dawa za mwezi bila kumwomba mtu. Na katika Jumuiya zetu Ndogondogo, ambazo huchanga upesi sana siku ya msiba, naona ingekuwa vema kuchanga mapema kidogo: nauli ya mzee mmoja kwenda kliniki ni ndogo kuliko sanda.

Baki moja, la mezani kwangu. Mafao mengi hukwama kwa ajili ya jina. Mtu alibatizwa Yosefu, shuleni akaandikwa Joseph na jina la baba, kazini akaongeza jina la babu, na mkewe katika fomu ni Maria ambapo katika kitabu chetu ni Mariamu. Mume akifa, mama huyo huambiwa alete ushahidi kwamba ndiye mke. Safari za mjini zinakuwa nne, tano, na kila moja yamla kuku wawili. Fanyeni kazi hiyo mngali hai wote wawili. Majina yakitofautiana, nendeni mkaape kwa wakili au mahakamani mpate hati ya kiapo. Cheti cha ndoa kikipotea, njoni kikatafutwe katika rejesta. Wasio na cheti cha kuzaliwa wajue kwamba RITA hupokea cheti cha ubatizo kama ushahidi mmojawapo.

Mkija, leteni jina la ubatizo, jina la baba na mama, na la msimamizi kama mwalikumbuka. Vitabu vya zamani vimeandikwa Kilatini na mwandiko wa Mapadre wengine wahitaji subira, lakini vyasomeka. Na kama mwaka hamuujui, niambieni ni Padre yupi aliyewabatiza, au kanisa la matofali lilikuwa limefika madirishani au bado, nasi tutaanza kutafuta tangu hapo.